Sura ya Nne: Ngozi ya Kaka

Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alisimulia kisa cha mtu wa mji wake aliyekatwa pua kwenye ugomvi. Mtu yule alifunga safari hadi Bologna, Italia, kwa Gaspare Tagliacozzi, bingwa wa kurudisha pua zilizokatika. Njia ya Tagliacozzi ilikuwa ya mateso: alichuna kipande kirefu cha ngozi kwenye mkono wa juu wa mgonjwa, akakiacha kimeshikilia upande mmoja ili kiendelee kupata damu, akakishonea usoni, kisha mkono ukafungwa kichwani kwa wiki kadhaa mpaka ngozi ishike. Yule bwana hakuwa tayari kwa taabu hiyo. Alimlipa mchukuzi wa mizigo, na nyama ya pua ikatoka kwenye mkono wa mchukuzi. Akarudi kwao na pua mpya. Miezi 13 hivi baadaye pua ikapoa, ikaoza, ikaanguka. Kuja kuuliza, kumbe mchukuzi wa Bologna alikuwa amekata roho saa ileile.

Kisa ni cha uongo, na Ulaya nzima ilikicheka kwa miaka mingi. Tagliacozzi mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1597, alishaonya kwamba nyama ya mtu mwingine haifai kwa kazi hii, maana kila mwili una nguvu ya upekee wake. Lakini uongo huo ulibeba kweli moja iliyochukua zaidi ya miaka 300 kueleweka: pua ya mchukuzi ingeanguka hata kama mchukuzi angeishi miaka 100. Isingefikisha hata miezi miwili.

Inashangaza ni muda gani madaktari walichelewa kuliona hili. Tangu mwaka 1869, Jacques-Louis Reverdin, daktari kijana kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Paris, alipoonyesha kwamba vipande vidogo vya ngozi vinaweza kuchotwa sehemu nzima ya mwili na kupandwa juu ya kidonda kikashika, wapasuaji wa Ulaya na Marekani walipanda ngozi za kila aina: za wazazi, za marafiki, za maiti, hata za vyura na kuku. Na wengi wao waliandika kwamba zimeshika.

Shahidi wao maarufu kuliko wote ni Winston Churchill. Mwaka 1898, baada ya vita vya Omdurman kule Sudan, kijana Churchill alitoa kipande cha ngozi ya mkono wake, kilichokatwa kwa wembe bila ganzi, ili kiwekwe kwenye jeraha la afisa mwenzake, Richard Molyneux. Miaka 30 na zaidi baadaye, katika kitabu cha maisha yake ya ujana, alisema kipande kile kilishika vizuri na bado kiko pale kwa mwenzake. Kovu la Churchill siliwekei shaka hata kidogo. Ngozi aliyotoa, hapana. Haikuwepo tena pale hata mwezi wa tatu.

Walidanganyikaje, watu makini kiasi hicho? Tatizo ni kwamba ngozi ya mgeni huanza vizuri. Siku ya tatu au ya nne mishipa midogo ya damu ya mwenyeji huingia ndani yake, nayo inapata rangi ya uhai. Kwa wiki nzima huwezi kuitofautisha na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Mpasuaji anaridhika, anaandika ripoti, mgonjwa anarudishwa nyumbani. Kisha, kuanzia wiki ya pili, ngozi inavimba, inakuwa nyekundu, inageuka ya zambarau, inakauka na kumomonyoka. Wakati huohuo kidonda chenyewe kimekuwa kikijifunga kutoka pembeni. Kovu linatanda pale palipopandwa, na anayekuja kutazama baada ya miezi sita anaona mahali palipopona. Ataapa kwamba ile ngozi ilishika.

Wachache walikuwa na macho makali zaidi. Mwaka 1924 Mmarekani Emile Holman aliandika kwamba ngozi ikitolewa mara ya pili kwa mtoaji yuleyule, huharibika upesi kuliko mara ya kwanza. Mwaka 1937 James Barrett Brown, mpasuaji wa St. Louis, alibadilishana ngozi kati ya mapacha wanaofanana, na zile zikadumu. Taarifa hizo zilichapishwa, zikasomwa, zikawekwa kabatini. Hakukuwa na haraka. Mtu aliyeungua kidogo alitosha kupandwa ngozi ya paja lake mwenyewe, na aliyeungua sana alikufa.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoondoa utulivu huo. Rubani wa ndege ya kivita mwaka 1940 alikaa karibu kabisa na tangi la petroli. Likishika moto, sekunde chache zilitosha kumla uso na mikono. Sasa madaktari walijua kumwongezea majeruhi maji na damu ili asife siku za kwanza. Matokeo yake wodi zikajaa watu walio hai wasio na ngozi. Kule East Grinstead, kusini mwa Uingereza, Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alitengeneza upya nyuso, kope na vidole vya mamia ya wanajeshi wa anga. Wagonjwa wake walianzisha chama chao mwaka 1941, wakakiita Guinea Pig Club, jina la mzaha la watu waliojiona kama wanyama wa majaribio. Vita vilipoisha chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 600. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulikumbuka jina la McIndoe. Baadaye alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1957 yeye, mwanafunzi wake Michael Wood na Mmarekani Thomas Rees, wapasuaji wa kurekebisha viungo wote watatu, ndio walioanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege ambayo leo tunaijua kama AMREF.

McIndoe alikuwa fundi, naye ufundi wake ulikuwa na mpaka. Ngozi yote aliyotumia ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe: ya paja, ya tumbo, ya mkono wa ndani. Aliyeungua nusu ya mwili amebakiwa na nusu ya kuchuma, na pale panapochunwa pamekuwa kidonda kingine. Aliyeungua zaidi ya hapo hana pa kuchuma. Muuguzi yeyote wa wodi ya majeruhi wa moto, iwe Mwanza au Mombasa, anaijua hesabu hii. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto bado anatibiwa kwa ngozi ya paja lake mwenyewe. Kando ya kitanda husimama mama aliye tayari kutoa yake yote, na haisaidii.

Swali la kwa nini haisaidii lilimwangukia mtu ambaye hata hakuwa daktari. Peter Medawar alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1915 kwa baba mwenye asili ya Lebanoni, akasomea elimu ya wanyama Oxford. Jumapili moja wakati wa vita alikuwa bustanini na mkewe na binti yao mdogo pale ndege ya kivita ya Uingereza ilipopita chini kwa chini juu ya vichwa vyao na kuanguka jirani. Rubani alitolewa hai, ameungua vibaya mno. Daktari wa hospitali ya Radcliffe alimwomba Medawar aje kumtazama, pengine msomi wa viumbe angekuwa na wazo. Medawar alijaribu kuzalisha seli za ngozi kwenye vyombo vya maabara ili zitandazwe juu ya kidonda. Hakufanikiwa. Ila kwa kukaa karibu na kitanda kile alilielewa tatizo, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likampeleka Glasgow, kwenye kitengo cha majeraha ya moto, akafanye kazi na mpasuaji kijana aitwaye Thomas Gibson.

Wodini alilazwa mwanamke wa miaka 22 aliyeangukia moto wa gesi nyumbani kwake. Upande wa kulia wa kifua na mkono ulikuwa kidonda kitupu. Kakake alijitolea ngozi. Gibson na Medawar walifanya jambo ambalo wengine wote, kwa zaidi ya miaka 70, hawakuona haja ya kulifanya. Walipanda vipande vidogo vipatavyo 50 kutoka kwa mgonjwa mwenyewe na vingine kama hivyo kutoka kwa kakake, kwenye kidonda kimoja, siku moja. Halafu kila baada ya siku chache walikata kipande kimoja cha kila kundi na kukipeleka kwenye hadubini.

Mwanzoni vyote vilikwenda sambamba. Kisha ngozi ya kaka ikaanza kujaa seli nyeupe za damu, zilizotoka katika mwili wa dada na kujipenyeza kati ya seli za mgeni, na kufikia mwisho wa wiki ya pili ngozi hiyo ilikuwa inabomoka. Mpaka hapo mtu angeweza kusema ni uambukizo, au damu haikufika, au kipande kilikatwa vibaya, na wengi walishasema hivyo. Ila ngozi ya dada, iliyokatwa na mikono ileile na kupandwa kwenye kidonda kilekile, ilikuwa inastawi.

Siku 15 baada ya kundi la kwanza walipanda jingine kutoka kwa kaka yuleyule. Safari hii hapakuwa na wiki ya matumaini. Kufikia siku ya nane vipande vilikuwa vimeshaharibika. Mtoaji ni yule, mpokeaji ni yule, mpasuaji ni yule. Kilichobadilika ni kwamba mwili wa dada ulikuwa umeshakutana na ngozi ile. Uliikumbuka. Na kitu pekee mwilini kilichojulikana kuwa na kumbukumbu ya namna hiyo ni ile kinga inayomfanya aliyeugua surua utotoni asiugue tena. Mwaka 1943 walichapisha matokeo yao kuhusu mgonjwa huyu mmoja: ngozi ya mtu mwingine hufukuzwa na mfumo uleule unaofukuza vijidudu.

Naipenda taarifa hiyo kuliko nyingi zilizokuja baadaye zikiwa na maelfu ya wagonjwa. Inasimama juu ya mtu mmoja, ndiyo, lakini mtu huyo alikuwa kipimo chake mwenyewe. Nguvu yote imo katika kuamua, kabla ya kisu cha kwanza, kitu gani kitalinganishwa na kitu gani. Vifaa walivyotumia vilikuwepo tayari enzi za Reverdin.

Medawar alirudi Oxford akayathibitisha kwa sungura. Sungura 25, kila mmoja akipandwa ngozi ya kila mwenzake na ya kwake mwenyewe: jumla 625, na kila kipandikizi kikafuatiliwa hadi mwisho wake. Alipomaliza hakubaki mtu wa kubisha. Kwa wodi za majeruhi hiyo ilikuwa habari mbaya, kwa sababu sasa ilijulikana kwa uhakika kwamba ngozi ya kaka haitafaa kamwe, hata mpasuaji awe hodari namna gani.

Mlango ulifunguliwa na ng'ombe. Mwaka 1948, kwenye mkutano wa wanasayansi Stockholm, mtaalamu wa mifugo Hugh Donald alimuuliza Medawar atawezaje kutofautisha ndama mapacha wa yai moja na wale wa mayai mawili. Medawar alijibu kwamba ni rahisi: badilishaneni ngozi, wa yai moja watapokeana, wengine watakataana. Baadaye alikwenda na mwenzake Rupert Billingham kuifanya kazi hiyo shambani, na jibu lake rahisi likawageuka. Karibu ndama wote walipokeana ngozi. Hata dume na jike, ambao haiwezekani kabisa wakawa wa yai moja, walipokeana.

Maelezo yalikuwa yameshachapishwa miaka michache nyuma, Marekani, na Ray Owen wa Wisconsin, katika jarida lenye heshima, na karibu hakuna mtu wa upasuaji aliyeyasoma. Owen alipelekewa habari za ng'ombe wa Maryland aliyepandwa na madume mawili ya mbegu tofauti siku moja akazaa mapacha, kila ndama na baba yake. Alipopima damu alikuta kila ndama ana seli za damu za aina mbili, zake na za pacha wake. Mapacha wa ng'ombe huunganisha mishipa ya damu kwenye kondo la nyuma. Damu ya huyu humwingia yule wakiwa bado tumboni. Wafugaji wetu wanaujua upande mmoja wa jambo hili bila kuambiwa na maabara: ndama jike aliyezaliwa pacha na dume kwa kawaida huwa tasa, na chanzo ni damu hiyohiyo ya pamoja. Upande wa pili ulikuwa huu: mwili uliokutana na seli za mgeni kabla haujazaliwa huzihesabu kuwa zake maisha yote.

Ilibaki kuona kama binadamu anaweza kulifanya kwa makusudi lile ambalo kondo la ng'ombe hulifanya kwa bahati. Medawar, Billingham na kijana Leslie Brent walichukua panya wa kahawia mwenye mimba, wakawadunga vijusi sita seli za panya wa ukoo mwingine. Walizaliwa watano wazima. Walipofikisha wiki nane walipandwa ngozi ya ukoo ule. Wawili waliikataa. Watatu waliipokea, ikashika, ikaota manyoya ya rangi ngeni. Mwaka 1953 matokeo yalitoka katika jarida la Nature, na mwaka 1960 Medawar akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia. Aligawana fedha zake na Billingham na Brent, na alimwandikia Owen kumwambia kwamba naye alistahili kuwemo. Si kawaida kukuta barua za namna hiyo.

Kuwadunga watoto wa binadamu tumboni kwa kutarajia ajali ya moto miaka 30 mbele ni jambo lisilowezekana. Hakuna majeruhi hata mmoja aliyepona kwa sababu ya panya wale watatu. Walichofanya ni kuonyesha kwamba ukuta kati ya mwili na mwili unaweza kuvukwa, na kwa watu waliokuwa wameshakata tamaa, hilo lilitosha kuwarudisha kazini.

Mmoja wa waliokuwa wakiifuatilia habari hiyo alikuwa Joseph Murray, mpasuaji wa Boston. Naye alianzia wodi ya moto. Akiwa luteni mpya aliyetoka chuoni, alipangiwa hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, ambako mkuu wake wa upasuaji alikuwa James Barrett Brown, yuleyule wa mapacha wa 1937. Huko alimhudumia rubani Charles Woods, ambaye ndege yake iliyosheheni mafuta ililipuka Desemba 1944 ilipokuwa ikiruka kutoka India. Woods alikuwa ameungua asilimia 70 ya mwili. Hakuwa na ngozi ya kutosha kuchunwa, hivyo walimfunika kwa ngozi ya maiti, wakijua itaanguka, ili wapate muda. Haikuanguka kwa siku 10. Ilidumu zaidi ya mwezi, kwa kuwa mwili ulikuwa umechoka mno kupigana. Kidogo kidogo walipanda vipande vyake mwenyewe, na baada ya operesheni zaidi ya 20 Woods alitoka na pua, kope na mikono ya kufanyia kazi. Akaja kuwa mfanyabiashara mkubwa Alabama na kugombea vyeo vya siasa.

Murray aliondoka Valley Forge na swali: kama mwili uliodhoofika huvumilia ngozi ya mgeni kwa mwezi, je, tunaweza kuudhoofisha kwa kipimo, kwa kusudi? Na alikuwa na swali la pili, la kiungo gani. Ngozi ilionekana kuwa kiungo kinachochokoza kinga kuliko vyote. Akaelekea kwenye figo, ambayo ina mshipa mmoja mkubwa wa kuleta damu na mmoja wa kuitoa, na ambayo binadamu anazo mbili huku akitosheka na moja.

Mwishoni mwa mwaka 1954 aliletwa Richard Herrick, kijana wa miaka 23, figo zote mbili zimekufa. Alikuwa na pacha, Ronald. Walifanana, lakini kufanana kwa sura si ushahidi, na kosa lingegharimu figo nzima ya mtu mzima wa afya. Timu ya Boston iliwapeleka hata polisi wakachukuliwe alama za vidole, na kwa njia hiyo waandishi wa habari wakapata fununu. Kipimo kilichoaminiwa zaidi kilikuwa cha Medawar na cha Brown: kipande cha ngozi ya Ronald kilipandwa kwa Richard, wakasubiri. Kikashika. Tarehe 23 Desemba 1954 figo ya Ronald iliunganishwa kwenye mwili wa Richard, nayo ikaanza kutoa mkojo palepale mezani. Richard alimwoa muuguzi wa wodi yake, akapata watoto, akaishi miaka minane. Ronald aliishi na figo yake moja hadi 2010.

Yaliyofuata nitayapita haraka, kwa kuwa yanahitaji kitabu chake. Mapacha ni wachache. Kwa wengine wote zilitafutwa dawa za kuizima kinga. Mionzi ya mwili mzima iliua wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja azathioprini, na miaka ya 1980 siklosporini, dawa iliyotoka kwa kuvu wa udongo wa milima ya Norway, ikabadilisha hesabu kabisa. Murray alipata Nobel mwaka 1990, wakati huo alikuwa ameshaiacha kazi ya figo kwa hiari miaka mingi nyuma akarudi kwenye kazi aliyoiita yake, kurekebisha nyuso za watoto waliozaliwa na kasoro. Familia za Tanzania ziliuza mashamba kwa miaka mingi ili kumpeleka mgonjwa India kubadilishwa figo, mpaka Muhimbili ilipopandikiza ya kwanza mwaka 2017. Anayelala pale leo akiwa na figo ya dadake ananufaika na kazi iliyoanzia kwenye ngozi ya kaka kule Glasgow. Hilo halisemwi vya kutosha, hasa na wale wanaodhani upasuaji wa kurekebisha viungo ni wa kunyoosha pua za matajiri.

Je, wapasuaji wa mikono walipata nini? Kwa muda mrefu, hawakupata kitu. Kurudisha mkono wa mtu mwenyewe uliokatika kuliwezekana mapema: Shanghai walifanya hivyo mwaka 1963 kwa mfanyakazi wa kiwandani, na baada ya hapo hadubini ya chumba cha upasuaji iliwezesha kushona mishipa myembamba ya kidole. Mkono wa mtu mwingine ulijaribiwa Guayaquil, Ecuador, mwaka 1964, ukalazimika kukatwa baada ya wiki chache. Mkono una mfupa, misuli, kano, neva, uboho, na juu ya yote umefunikwa kwa ngozi, kiungo kilekile kilichoshindikana tangu mwanzo. Watu wenye akili timamu walisema haiwezekani, na kwa dawa za wakati ule walikuwa sahihi.

Septemba 1998, Lyon, timu ya Jean-Michel Dubernard ilimpandikiza mkono Clint Hallam wa New Zealand. Ulishika, vidole vikasogea. Hallam mwenyewe hakuuzoea, akaacha dawa, na mwaka 2001 uliondolewa London kwa ombi lake. Januari 1999, Louisville, Marekani, ulifuata mkono wa Matthew Scott, aliyepoteza wake kwa fataki. Scott alimeza dawa bila kukosa na mkono wake ukadumu. Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa kwenye kushona. Tangu hapo timu za mikono humkalisha mgombea mbele ya mtaalamu wa saikolojia kwa muda mrefu kabla hajamwona mpasuaji, na nadhani hilo ndilo somo ghali kuliko yote waliyoyanunua.

Kulikuwa na zawadi ambayo hakuna aliyeitarajia. Figo ikianza kukataliwa huumia kimyakimya ndani, mpaka vipimo vya damu viseme. Mkono husema wenyewe: madoa mekundu hutokea kwenye ngozi, mgonjwa anayaona akiwa nyumbani, anampigia daktari simu, anapakwa na kumezeshwa dawa, madoa yanafutika. Ngozi, kizuizi cha miaka yote ile, imekuwa mlinzi. Kuhusu hisia, neva hukua kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo aliyeunganishwa juu ya kifundo cha mkono husubiri miezi kabla ncha ya kidole haijatambua moto na baridi.

Ugumu uliobaki ni wa dhamiri, na hapa mimi nasimama karibu na wenye mashaka. Asiye na figo atakufa au atafungwa kwenye mashine. Asiye na mkono anaishi. Dawa za kushusha kinga huleta kisukari, huharibu hizohizo figo, na huongeza saratani, hasa ya ngozi. Nimesikia watu wakiuliza kwa nini ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa mikono na wahalifu wasipewe mikono ya marehemu badala ya ile ya bandia. Ni swali la huruma. Lakini kumpa mtu ambaye ngozi yake tayari inatishwa na jua dawa inayozidisha saratani ya ngozi ni jambo ambalo daktari mwangalifu angesita sana kulifanya.

Ndiyo maana mgonjwa aliyepandikizwa mikono Philadelphia mwaka 2015 alichaguliwa vile alivyochaguliwa. Alikuwa mvulana wa miaka minane. Uambukizo mkali wa damu ulimpokonya mikono, miguu na figo akiwa mdogo, na mama yake alishampa figo. Dawa za kinga alikuwa anazimeza tayari na angezimeza siku zote kwa ajili ya figo hiyo, hivyo mikono miwili haikumwongezea hatari kubwa ambayo hakuwa nayo. Operesheni ilichukua zaidi ya saa 10. Ndani ya miaka michache alikuwa anaandika na kushika mpini wa kupigia besiboli.

Kwa wengine wote utafiti umerudi kwa ndama wa Owen. Mwaka 2008 timu ya Boston ilieleza wagonjwa watano waliopewa figo pamoja na uboho wa mtoaji yuleyule. Wanne kati yao waliacha dawa zote na figo ikaendelea kufanya kazi. Pittsburgh wakalichukua wazo hilo kwenye mikono: wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, mgonjwa hutiwa uboho wa marehemu aliyetoa mkono, kisha hubakizwa kwenye aina moja tu ya kidonge badala ya tatu. Mkono unao uboho wake ndani ya mifupa, na baadhi ya watafiti wanafikiri huo nao unasaidia. Kidonge kile kimoja bado hakijaachwa.